Mashine ya Ndani

Mimi fundi saa. Meza yangu iko Nyawera,
chini ya mwavuli wenye jina la kampuni ya simu,
na miaka ishirini nimewaambia wateja:
usilipie jina lililo usoni.
Fungua mgongo. Ndani mashine ni ileile,
jina ni rangi tu.

Basi Ciribagula wa farmasi aliponiambia hayohayo
nilikosa pa kusimama.

Alisukuma boksi jeupe lisilo na picha,
vidonge vya waridi badala ya vile vyeupe
vyenye mstari katikati.
"Vile vya zamani haviletwi tena. Na vikiletwa
ni dola thelathini na nane kwa mwezi. Hivi, sita.
Dawa ni ileile, Baba Nsimire. Lile lilikuwa jina la biashara.
Hili ndilo jina iliyozaliwa nalo."

Dola thelathini na mbili nilizipandisha mfukoni
kilima chote cha Kadutu:
minervali ya Murhula, viatu, debe la maharagwe,
na bado zikabaki za kuninong'oneza,
kama nimeuza kitu kisicho changu.

Maana kuna jambo siwaambii wateja.
Saa mbili za mashine moja, zilaze pamoja usiku,
hazitaamka sawa.
Moja itachelewa sekunde nne. Nani ataumia?
Mwenye saa hajui mpaka mwezi uishe.
Lakini sekunde nne
kichwani mwa mtoto, ni kitu gani?

Miaka miwili na miezi mitano hakuanguka.
Mara ya mwisho ilikuwa shuleni, penye vumbi,
wenzake wakarudi nyuma, wakasema povu linaambukiza.
Mwalimu naye akarudi nyuma.
Huyo namkumbuka kuliko wote.

Siku ya kwanza ya kidonge cha waridi nikachora mstari
nyuma ya kalenda ya parokia. Siku ya pili, mstari.
Usiku nililala mkekani, mlangoni pake,
nikisikiliza pumzi zake kama ninavyosikiliza mashine:
sikio karibu, pumzi yangu nimeizuia.
"Utamwamsha kwa kumlinda," akasema Cibalonza, mke wangu,
naye pia hakulala.

Siku ya tisa, asubuhi, kikombe kilimponyoka.
Chai ikatambaa hadi kwenye daftari la hesabu.
Sote tukaganda.
"Kilikuwa moto," akasema, akipuliza vidole.
Nilikiokota mwenyewe nihakikishe,
nikaungua, nikashukuru.
Lakini kwenye kalenda niliweka mstari,
na kando ya mstari, nukta.

Dokta aliitazama nukta ile muda mrefu. Hakucheka.
"Ikija kweli, niletee saa na dakika.
Na kiwanda hiki ulichoanza nacho, baki nacho.
Usinunue leo cha huku, kesho cha kule,
kwa ajili ya punguzo la dola moja."
Hilo nililielewa bila kurudiwa. Saa nyingi nilizozika
hazikuuawa na maji, ziliuawa na mafundi wengi.

Siku ya thelathini na moja umeme ulikatika.
Nasafisha saa ya padri kwa mshumaa,
Nsimire akaja na kalenda mkononi, miaka yake kumi na mmoja.
Akaigeuza. Akaona mistari. Akaona nukta.
"Huyu ni mimi?"

Sikupata neno.

Akachukua kalamu yangu, akaandika kando ya nukta,
kwa mwandiko wa shule, herufi zimesimama wima:
*Chai ilikuwa moto.*
Akameza cha waridi bila maji,
akainamia meza yangu.
"Imepona?"
"Inatembea. Inachelewa kidogo."
"Padri atakosa misa?"
"Hapana."
"Basi, mrudishie."